Mgeni wa baiskeli huko Japani

Ukitajiwa Japani hukujia akilini magari, redio na garimoshi liendalo kasi kama mshale. Hiyo ni Japani ya mijini. Ile ya mashambani yataka baiskeli, hema na miguu isiyo na haraka. Wewe mwanafunzi unayewazia kwenda huko, au mzazi mwenye mtoto aliyekwisha kwenda, haya huenda yakakufaa.

Pa kuanzia ni Shimanami Kaido, njia ya kilomita 70 hivi itokayo Onomichi hadi Imabari katika kisiwa cha Shikoku. Ilifunguliwa mwaka 1999, nayo huvuka visiwa sita kwa madaraja makubwa. Barabarani umechorwa mstari wa samawati, hivyo hata asiyesoma Kijapani hapotei. Magari nayo hupita kushoto kama hapa kwetu.

Mizigo iwe michache: hema, sufuria moja, nguo za mvua, pampu na viraka vya pancha. Mtungi wa gesi ununue huko huko, kwani ndegeni haukubaliwi. Kando ya barabara kuu utakuta vituo viitwavyo michi-no-eki, ambako wakulima huuza mboga na matunda, na vyoo huwa wazi usiku na mchana. Jioni nenda kwenye hamamu ya umma, lakini ujisugue na kujisuuza kabla ya kuingia birikani. Maji yale ni ya wote.

Sasa swali kubwa: utalala wapi? Usikite hema popote kwa kuwa tu humwoni mtu. Tafuta uwanja wa kambi, au uulize mwenyeji. Hii si adabu tupu, ni uhai wako. Kingo za mito ni tambarare na zinavutia, lakini Juni na Julai ni miezi ya mvua, na tufani hufuata hadi Oktoba. Maji hushuka milimani ghafla. Mnamo Agosti 14, 1999, katika mkoa wa Kanagawa, watu 18 waliokuwa wamepiga kambi mtoni walizolewa na mafuriko, wakafa 13. Walikuwa wameonywa zaidi ya mara moja wahame, wakakataa. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo watoto, ambao hawakuulizwa lolote katika uamuzi huo.

Kwa hiyo mwenyeji akikwambia ondoka, ng'oa hema hata kama ni usiku wa manane.

Ukipanda milima ya Shikoku, utafika kijiji cha Nagoro katika bonde la Iya. Vijana walihamia mijini, na shule ikafungwa mwaka 2012 kwa kukosa wanafunzi. Mkazi mmoja, Bi. Tsukimi Ayano, alishona wanasesere wenye kimo cha watu. Wengine wameketi darasani, wengine wanangoja basi. Wanasesere ni wengi kuliko watu.

Hapo ndipo faida ya baiskeli ionekanapo. Mwenye gari hupiga picha akapita. Wewe unaweza kushuka, kumwamkia mzee aliye shambani na kumpa nafasi akujibu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika vijiji kama hivyo, ambako watoto wa wazee wako mbali, salamu ya mgeni si jambo dogo.

Na kama nawe una mzee kijijini, usingoje safari ya Japani ndipo umkumbuke.