Bukavu: udongo wa ujenzi ubaki kiwanjani

Mvua za Septemba zikianza, mto Kawa hauchukui siku mbili kubadilika rangi. Mvua moja ya mchana inatosha, na maji yanayoshuka toka milima ya Kadutu yanaingia Ziwa Kivu yakiwa mekundu. Wakaaji hulalamikia chupa na mifuko ya plastiki, na wana haki: takataka hizo huziba mashine za umeme za Ruzizi I na kuacha mji gizani. Lakini rangi ile nyekundu haitoki kwenye chupa. Ni udongo, na viwanja vya ujenzi vinauongeza kila mwaka.

Kila fundi anajua namna inavyotokea. Mwenye kiwanja anakata mlima ili apate pahali tambarare. Udongo unaotolewa haupakiwi kwenye lori, maana lori linalipwa. Unasukumwa upande wa chini, ao unarundikwa kando ya barabara pamoja na mchanga na mawe. Mvua ikinyesha usiku, rundo lote linaingia mtaroni. Mtaro ukijaa, maji yanatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni mlango wa jirani wa chini. Anayejenga ghorofa juu amepoteza mchanga kidogo tu. Mama wa chini anaamkia kazi ya kutoa matope chumbani.

Ziwani hasara haipigi kelele. Sambaza wachanga hukulia karibu na ufuo, palepale mitaro inapomwagia. Matope yanazuia mwanga, na maji yaliyooshea vyombo vya simenti ni makali kwa samaki kama yalivyo kwa mikono ya fundi.

Kuzuia hayo hakuhitaji mradi wa wazungu. Mchanga ufunikwe na bashi kila jioni. Mfereji uchimbwe juu ya kiwanja ili maji ya mlima yapite kando, na shimo lichimbwe chini ili matope yatulie humo kabla maji hayajatoka. Mifuko iliyojazwa mchanga iwekwe mbele ya mtaro, na mabingobingo yapandwe kwenye ukingo uliokatwa. Simenti ioshewe ndani ya shimo, si barabarani. Wapo watakaosema ni gharama, lakini ni watu wale wale wanaolipa vioo vya rangi kwa madirisha.

Sheria namba 11/009 ya Julai 9, 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa miradi inayoweza kuharibu mazingira. Nyumba ya mtu binafsi mlimani ni vigumu kuifikia kwa njia hiyo. Kibali cha kujenga ndicho kinachoweza kuifikia: kisitolewe mpaka mwenye kiwanja aonyeshe udongo wake utakwenda wapi, na mkaguzi arudi kuangalia baada ya mvua ya kwanza, si kabla. Kazi ianze na viwanja vinavyochimbwa wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, wakati udongo ungali mkavu na jirani wa chini angali analala.