Kikapu si Pambo la Picha

Naona picha zenu za mashamba ya chai kule Kericho na Limuru. Kupiga picha si dhambi. Kijani kile ni kazi ya Mungu. Lakini nani amewaruhusu kumtua mama kikapu mgongoni ili mpozi nacho? Mama huyo hulipwa kwa kilo! Anachuma majani mawili na chipukizi lake, tangu asubuhi ya baridi. Dakika zenu kumi ni pesa yake, na machipukizi mnayovunja ni kilo zake za wiki ijayo. Halafu chini ya picha mnaandika “Mungu ni mwema”. Someni Yakobo 5:4 muone kilio cha wavunaji kinafika masikioni mwa nani. Ukimpiga picha, mlipe. Na umuulize jina.