Rangi Si Basi

Mwaka 2018 walipaka mstari mwekundu Thika Road wakatuambia ndiyo njia ya mabasi ya mwendo kasi. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, napita pale kwa matatu kila siku. Nikasubiri. Mstari ukafifia, basi silioni.

Nilipofika likizo Masalani nikamsimulia abti wangu. Akacheka sana. "Kumbe na nyinyi wa Nairobi mnapakwa rangi? Sisi tulishazoea."

Wacha niseme mapema: siipingi BRT. Naipenda kuliko wengi wanaoihubiri. Mji wa Curitiba kule Brazil ulipoianza mwaka 1974 haukuwa ukijigamba. Reli ya chini ya ardhi ilikuwa ghali, basi wakachukua basi la kawaida wakalipa njia yake peke yake. Bogotá ikafuata mwaka 2000, Lagos 2008, Johannesburg 2009, Dar es Salaam 2016, na Dakar mwaka 2024 kwa mabasi ya umeme. Kila mji sasa unaitaka. Nairobi nayo imeshazipa njia zake majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Majina tunayo. Ni mabasi tu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Viongozi wetu wanadhani BRT ni kitu cha kuonekana: rangi, vituo vya vioo, utepe wa kukatwa. Mimi nasema BRT ni ahadi ya saa. Ukitoka nyumbani saa fulani, utafika saa fulani. Ukiiondoa ahadi hiyo, kilichobaki ni rangi.

Najua thamani ya saa kwa sababu ilinigharimu. Muhula mmoja wa mvua niliondoka Masalani Jumamosi, mtihani Jumatatu. Kutoka hapa hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 140, na udongo wetu ukinywa maji hauachii gurudumu. Tulikwama. Tukalala njiani, kina mama na watoto ndani, mbuzi wamefungwa juu. Nairobi nilifika Jumanne. Niliambiwa niandike barua, nikaandika, nikaambiwa nirudi mwaka ujao. Karo ya mwaka ujao haikuwepo. Sisemi ni barabara pekee iliyonitoa chuoni, umaskini ulikuwa ushanishika mkono. Lakini barabara ndiyo iliyofungua mlango.

Rafiki yangu wa Nairobi huniambia, "Bro, huko hakuna hata jam. Ombeni lami kwanza, BRT waachieni wenye mji." Yaani mtu wa mji ana haki ya dakika zake, na mtu wa Masalani apewe siku ngapi? Miradi hii hujengwa kwa mikopo, na mkopo wa taifa hauulizi unakaa wapi. Nikinunua kredo hapa sokoni nakatwa kodi kama anayenunua Roysambu. Tunalipa pamoja, tunasubiri tofauti.

Tena lami peke yake haitoshi. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Garissa na Nairobi, barabara ya lami hiyo. Aprili 2024 maji yakarudi, watu wakavushwa kwa boti upande wa Madogo, boti moja ikapinduka, watu wakafa. Hao walikuwa abiria kama wewe, walikuwa wanaenda tu. Na usidhani ni shida ya jangwani kwetu. Dar es Salaam, karakana ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na mvua kubwa zilipokuja maji yaliingia na huduma ikasimama. Mfumo ule ulipewa tuzo ya kimataifa, na bado abiria wa Kimara analalamika foleni ndefu na mabasi machache. Zege lipo. Saa ndiyo inapotea.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mnaosoma hii mkiwa ndani ya matatu pale Githurai: msikubali kuonyeshwa kituo mkashangilia. Ulizeni mabasi mangapi, kila baada ya dakika ngapi, na likichelewa nani anajibu. Na mkiuliza, ulizeni na kwa niaba yetu. Sisi hatutaki njia ya zege katikati ya Ijara. Tunataka vivuko vya maji vinavyopitika mvua ikinyesha, na gari la umma lenye ratiba, hata kama ni moja kwa siku, hata kama lina abiria kumi.

Serikali isiyoweza hilo moja haitaweza Ndovu wala Nyati. Waanze na ubao mdogo pale steji ya Masalani: "Garissa, saa kumi na mbili asubuhi." Rangi yoyote wanayotaka. Halafu ikifika saa kumi na mbili, gari liondoke.