Staringi wa Terminator 2 si Arnold

Kila nikiposti klipu ya Terminator 2, komenti ni zilezile. Arnold akiwa kwa pikipiki akizungusha bunduki kwa mkono mmoja. T-1000 akipita katikati ya vyuma vya mlango kama uji. Linda Hamilton na ile misuli yake. Sawa wasee, nawaelewa. Hii muvi ilitoka 1991 na bado inaaibisha nyingi za juzi. Lakini mmekuwa mkishangilia mtu si yeye. Staringi wa Terminator 2 ni injinia mmoja mweusi ambaye wengi wenu hata jina lake hamlijui. Anaitwa Miles Dyson, na aliyemuigiza ni Joe Morton.

Najua, najua. Sisi tumekulia muvi za DJ Afro, na sheria ya muvi mtaani kila mtu anaijua: staringi hafi. Dyson anakufa hata kabla ya ile chase ya mwisho. Nisikilizeni tu.

Kwa wale waliozaliwa juzi: kwenye muvi ya kwanza, ya 1984, Arnold ni roboti muuaji kutoka siku zijazo, ametumwa kummaliza Sarah Connor kabla hajamzaa John, ambaye baadaye ataongoza binadamu kupigana na mashine. Roboti anaishia kupondwa kwenye mashine ya kiwandani. Kwenye ya pili, James Cameron anamrudisha roboti wa sura ileile, ila safari hii amekuja kumlinda John. Halafu kuna kitu kidogo kinachobeba stori yote: chipu na mkono wa chuma wa yule roboti aliyepondwa havikutupwa. Kampuni ya Cyberdyne ilivichukua ikavifungia maabara, na Dyson ndiye anayeongoza utafiti. Kutoka kwa hiyo chipu ndiyo itazaliwa Skynet, mfumo wa kompyuta utakaowasha vita vya nyuklia tarehe 29 Agosti 1997 na kuua watu bilioni 3.

Mapema kwenye muvi kuna kipande ambacho watu wanakipita haraka. Kijana mmoja wa pale maabara anamuuliza Dyson kama anajua hiki kitu kilitoka wapi. Dyson anamwambia aliwahi kuwauliza wakubwa, na jibu alilopewa ni kwamba asiulize. Basi. Anaenda zake kuendelea na kazi.

Hilo jibu nalijua vizuri sana. Nilipoacha chuo mwaka wa pili (karo ilikuwa imekataa, hiyo ni stori ya siku nyingine), nilipata kazi Nairobi ya kufunza kompyuta kutambua vitu. Unakaa mbele ya skrini, unaletewa picha, unachora boksi kuzunguka gari, unaandika gari. Unachora boksi kuzunguka mtu, unaandika mtu. Inayofuata. Kuna wiki tuliletewa picha zilizopigwa kutoka juu sana: mapaa ya nyumba, barabara za mchanga, watu wadogo kama siafu. Msee mmoja wa safu yetu akamuuliza supavaiza hizi picha ni za wapi na zinaenda kufanya nini. Akaambiwa kazi ni ya mteja, na sote tulisaini karatasi ya kutoongea. Saa saba tukaenda kula chapo madondo, tukarudi, tukaendelea kuchora maboksi.

Sisemi zilikuwa za vita. Pengine ni za watu wa ramani, pengine ni za bima. Ninachosema ni kwamba hadi leo sijui nilisaidia kutengeneza nini, na mshahara wa kutojua ulikuwa unaisha tarehe kumi.

Sasa turudi kwa Dyson. Sarah anaamua njia rahisi ya kuzuia vita ni kumuua huyu jamaa, kwa hivyo anaenda kwake usiku na bunduki. Dyson yuko kwa kompyuta, bado anachapa kazi. (Kwenye toleo refu la muvi, mkewe anamlalamikia kuwa aliahidi kuwapeleka watoto kuogelea. Kazi imemmeza.) Doa jekundu linatua mgongoni mwake. Kinachomwokoa ni gari la kuchezea la mtoto wake, lile la rimoti, linamgonga mguu, anainama, risasi inapita. Sarah anaimiminia nyumba risasi, kisha anaingia ndani na bastola, na yule mtoto, Danny, anakimbia kumlalia babake. Hapo Sarah anashindwa. Anaanguka, analia.

Cheki vizuri kile Cameron anafanya hapo. Lile doa jekundu tulishaliona 1984, kwenye paji la uso la Sarah mwenyewe. Yeye ndiye Terminator sasa. Amekuja kumuua mtu asiye na silaha, nyumbani kwake, kwa kosa ambalo bado hajalifanya.

Na kuna kitu kingine kinanikera kila nikiirudia, na sijui kama Cameron alikipanga. Kwenye muvi nzima hatuwahi kumwona mwenye Cyberdyne. Hata sura. Tunaona walinzi, tunaona kijana wa maabara, tunaona Dyson. Wale waliosema usiulize hawapigwi risasi, hawalii, hawako. Anayefuatwa hadi kwake ni mwajiriwa. Mkiongeza kwamba ni mtu mweusi anayekufa ili wengine wafike mwisho wa muvi, mtaona kwa nini sisemi hii muvi haina dosari. Hollywood ina hiyo tabia kitambo.

Lakini angalia anachofanya baada ya kuambiwa ukweli. Arnold anajichuna ngozi ya mkono, Dyson anauona ule mkono wa chuma, sawasawa na ule alioufungia maabara. Anasikiliza stori yote. Anasema ataacha kazi kesho. Anaambiwa hiyo haitoshi, kwa sababu mwingine atakalia kiti chake na kuendelea. Ni usiku mmoja tu. Hana wiki ya kufikiria. Anawapeleka mwenyewe Cyberdyne kulipua kila kitu alichofanyia kazi kwa miaka. Polisi wanavamia, anapigwa risasi, na anabaki sakafuni ameshikilia kitu kizito juu ya kiwashio cha bomu, anahema kwa shida. Mkuu wa kile kikosi anaona kinachoendelea, anawapigia watu wake kelele watoke. Wanatoka. Pumzi za Dyson zinakuwa fupi, fupi, kisha mkono unaachia.

Arnold alirekebishwa awe mzuri. Yeye ni programu. Sarah na John wanapigania maisha yao. Dyson peke yake ndiye aliyekuwa na nyumba, mke, watoto, cheo, na kila sababu ya kusema hainihusu.

Ndiyo maana siisamehi Terminator 3. Walitoka 2003 wakatuambia eti ile siku haikuzuiwa, iliahirishwa tu. Kwa hivyo Dyson alilipuka bure? Halafu Genisys ya 2015 ikamleta Danny, yule mtoto aliyemlalia babake, akiwa mtu mzima anayezindua mfumo uleule. Wataniambia ni historia nyingine, mambo ya kusafiri kwa wakati. Sawa. Bado ni matusi.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika: buda, Dyson alikuwa na nyumba kubwa, mimi niko bedsita Roysambu, nani atalipa rent nikianza kuuliza maswali? Hiyo ni hoja, na sina jibu tamu. Yule msee wa safu yetu hakufutwa, ila mkataba wake ulipoisha haukuongezwa. Hakuambiwa kwa nini.

Lakini si kweli kwamba watu hawaulizi. Mwaka 2018 maelfu ya wafanyakazi wa Google walisaini barua ya kupinga Project Maven, mradi wa jeshi la Marekani wa kutumia akili bandia kuchambua picha za droni. Wengine waliacha kazi, na kampuni ikasema haitaongeza mkataba huo. Hao walikuwa na mishahara ya California, nakubali. Lakini tarehe 1 Mei 2023, hapa hapa Nairobi, wafanyakazi zaidi ya 150 wanaosafisha na kupanga data za makampuni makubwa ya teknolojia walikutana wakapiga kura kuunda chama chao. Hao hawana bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba. Ni watu wa matatu kama wewe na mimi, na wengi walishaona kwa skrini vitu ambavyo huwezi kumsimulia mamako.

Wikendi hii tafuta toleo refu, lile lenye familia ya Dyson kwa wingi zaidi. Ukifika pale maabara, zima muziki, weka sauti juu, usikilize zile pumzi. Na wale wa T-1000: ndiyo, Robert Patrick anakimbia vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kukimbia kwa muvi. Hapo sibishani.