Hodi ya Mtu Aoneaye Wenzake

Kwetu mtu akipiga hodi huitikiwa karibu. Hata mgeni tusiyemjua hupewa kiti na maji ya kunywa. Lakini je, akija mtu ambaye jana alimpiga mtoto wa jirani mpaka akamvunja mkono, nawe wajua, utamkaribisha vilevile? Wengi watasema: Angoje nje, kwanza akapatane na jirani. Swali hilo hilo zinalo serikali za ulimwengu.

Tuitazame Nikaragua, nchi ya Amerika ya Kati yenye Wakatoliki wengi. Mwezi wa Aprili 2018 watu waliandamana kumpinga Rais Daniel Ortega, na katika machafuko yaliyofuata zaidi ya watu 300 waliuawa. Makanisa mengine yaliwapokea majeruhi. Tangu hapo serikali ikaliona Kanisa kuwa adui. Machi 2022 ilimfukuza Balozi wa Baba Mtakatifu. Julai ikawafukuza Masista wa Mama Teresa. Tarehe 19 Agosti 2022, alfajiri, polisi waliingia nyumbani mwa Askofu Rolando Álvarez wa Jimbo la Matagalpa, wakamchukua.

Tarehe 9 Februari 2023 wafungwa 222 walitiwa katika ndege, wakapelekwa Marekani. Askofu naye alitakiwa apande, akakataa kuiacha nchi yake. Kesho yake alihukumiwa kifungo cha miaka 26, akanyang'anywa na uraia.

Tarehe 19 Agosti 2023, mwaka mmoja kamili tangu akamatwe, Marekani ilitangaza kuwazuilia viza watumishi 100 wa serikali za miji ya Nikaragua, ikisema kwamba walisaidia kuwaonea raia. Ikataka pia Askofu afunguliwe.

Je, ni haki kumfungia mlango mtu ambaye hakuhukumiwa na hakimu? Hapa yafaa tupambanue. Papa Yohane wa 23, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alifundisha kwamba kila mtu ana haki ya kukaa nchini mwake, na hata ya kuhamia nchi nyingine akiwa na sababu za haki. Lakini mkubwa kwenda ng'ambo kutembea na kununua vitu, hiyo ni hisani ya mwenye nyumba. Kumnyima mtu hisani si kumtia kifungoni. Askofu alinyimwa haki yake. Wale 100 walinyimwa hisani tu.

Hata hivyo tusidhani kwamba dawa imepatikana. Kunyimwa viza kwa watu wale hakukufungua gereza. Askofu alitoka Januari 2024, baada ya serikali ile kuzungumza na Vatikani. Naye akapelekwa Roma, si nyumbani kwake. Tena mataifa makubwa yana mizani mbili: adui hufungiwa mlango, na rafiki mwenye kosa lile lile hutandikiwa zulia. Lililo baya zaidi ni kufuli lile lile kumfungia nje na mkimbizi. Mwonevu na mwonewa wote wawili hupiga hodi, na bawabu asiyewapambanua atatenda dhambi.

Basi, mambo hayo ya mbali yatuhusu nini sisi wa vijijini? Angalieni: wale 100 hawakuwa mawaziri. Walikuwa watumishi wa miji, watu wanaojuana na majirani zao. Uonevu wa wakubwa hauwezi kutembea bila miguu ya wadogo. Karani aandikaye jina la jirani kwa uongo, mgambo ampigaye mtu aliyekwisha kufungwa kamba, shahidi asemaye asiyoyaona, wote husema, "Nilitumwa." Wazazi, wafundisheni watoto wenu mapema kwamba kutumwa hakuondoi dhambi.

Wala tusimfungie mtu mlango milele. Zakayo aliwanyang'anya watu, lakini Bwana Yesu aliingia nyumbani mwake akakaa naye. Zakayo naye hakutoa maneno matupu: aliahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Aliyewaonea watu, akitubu na kurudisha alichokitwaa, naye aitikiwe karibu. Asipotubu, angoje nje.