Jengo la wote, mwenye kuziba ufa ni nani?

Watoto wengi wa Ifakara wameliona Beit al Ajaib kwenye picha tu: jengo kubwa jeupe mbele ya bahari ya Unguja, lenye baraza pana na mnara wa saa. Mtoto akiuliza jengo hilo ni la nini, mzazi asimjibu kwa neno moja. Kuna somo ndani yake, na somo hilo linahusu hata ofisi ya mtaa wao.

Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na mapokezi ya wageni. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo si ndefu, ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni vyembamba. Beit al Ajaib lilivuka mpaka huo. Nguzo za chuma zilibeba baraza pande zote, dari zikapanda juu, na upepo wa bahari ukapita. Likawa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Watu wakaliita nyumba ya maajabu.

Agosti 1896 meli za kivita za Uingereza zilipiga mizinga eneo hilo kwa muda usiofika saa moja. Jumba la jirani liliharibiwa vibaya, lakini Beit al Ajaib likabaki limesimama. Baadaye lilitumika kama ofisi za serikali, kisha makumbusho.

Kilicholiangusha hakikuwa mizinga. Jengo lilichakaa mwaka hadi mwaka, na mwaka 2012 sehemu yake ikabomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, upande wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Wahenga walishasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hapa ufa ulidai zaidi ya ukuta.

Ifakara haina jumba la sultani, lakini ina madarasa, zahanati, ofisi za mitaa na kumbi za kata. Mengi ni ya matofali ya kuchoma na bati, na masika ya bonde la Kilombero hayana huruma. Bati moja likitoboka, maji huingia kwenye mbao, mbao huoza, mchwa hufuata. Misumari michache ya mwezi Februari ingeokoa paa zima la mwezi Mei. Lakini kwa sababu jengo ni la wote, kila mmoja humsubiri mwenzake.

Mzazi anaweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, apite na mwanawe shuleni kabla ya mvua, watazame pamoja paa, nyufa na msingi. Pili, wanachokiona akipeleke kwa mwalimu mkuu au kwenye mkutano wa mtaa, aulize kitarekebishwa lini. Tatu, mchango wa ukarabati ukiitishwa, aombe mapato na matumizi yasomwe, kisha atoe.

Mtoto aliyemwona mama yake akisimama mkutanoni kuulizia bati linalovuja atakua akijua kwamba jengo la wote ni lake pia.