Jua Tunalo, Hesabu Ndiyo Inatuangusha

Leo naomba tuweke pembeni mbolea na viwavi, tuzungumzie betri. Utaniuliza, bwana shamba na betri wapi na wapi? Subiri kidogo.

Kila mwaka pamba ikishauzwa naona jambo lile lile likijirudia. Mkulima anapokea fedha zake, anapanda gari kwenda Bariadi mjini, anarudi na paneli, betri, inveta na TV. Wa dukani anaongeza na friji ya soda. Wiki ya kwanza nyumba inang'aa, watoto wa jirani wamejaa sebuleni. Mvua zinapokolea, TV inazima saa mbili usiku. Kufika palizi, betri imegeuzwa kiti cha kukalia nje ya mlango. Mwenye nyumba ukimuuliza atakujibu, "Bwana shamba, hizi sola ni feki."

Ni kweli feki zipo sokoni. Lakini kwa betri nyingi nilizoonyeshwa zikiwa zimekufa, mtazamo wangu ni huu: haikuwa feki, tuliiua wenyewe. Tuliiua kwa sababu tulinunua vifaa kwanza, hesabu tukaiacha. Na fedha ile si ndogo. Ni jasho la msimu mzima, na mwingine hadi pamba ijayo.

Sisemi haya kwa kuwacheka wenzangu. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi nilipangiwa kata isiyo na umeme. Nilinunua betri ya gari kwa sababu muuzaji aliniambia betri ni betri. Niliwasha TV, nikachaji simu, na Jumapili nikapiga pasi. Haikumaliza miezi sita.

Betri ni kama ng'ombe mwenye ndama

Msukuma hafundishwi kukamua. Unajua kwamba ukikamua hadi tone la mwisho kila siku, ndama anakufa na ng'ombe mwenyewe anakauka. Betri ya risasi na asidi, iwe ile ya kuongeza maji au ile tunayoiita kavu, iko hivyo hivyo. Nusu ni yako, nusu ni ya ndama.

Tupige hesabu. Betri imeandikwa volti 12, ampea-saa 100. Zidisha 12 kwa 100, unapata wati-saa 1,200. Hiyo ndiyo betri yote ikiwa imejaa na ikiwa mpya. Gawa kwa mbili, unabaki na wati-saa 600 za kutumia kwa usiku mmoja bila kuiumiza. Mtu anayeihesabu kama 1,200 anakula na mtaji.

Betri ya gari ndiyo mbaya zaidi kwa kazi hii. Imetengenezwa itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe mara moja na jenereta ya gari. Ukiitumia kuwasha taa na TV usiku kucha, unamtumia farasi wa mashindano kuvuta jembe. Dukani ulizia betri ya sola inayostahimili kutumika polepole kwa saa nyingi.

Andika kabla ya kununua

Kila kifaa kina namba ya wati nyuma au chini yake. Zidisha wati kwa saa utakazokitumia. Chukua mfano wa duka la kijijini, iwe Dutwa, Nkololo au Ngulyati:

- Taa 3 za wati 7, saa 5: wati-saa 105
- TV ya wati 40, saa 5: wati-saa 200
- King'amuzi cha wati 15, saa 5: wati-saa 75
- Simu 15 za wateja, kila moja kama wati-saa 20: wati-saa 300

Jumla ni 680. Betri yetu moja ya ampea-saa 100 inatoa 600. Tayari umezidisha, na hata friji hujawasha.

Lakini tazama vizuri. Simu za wateja si lazima uzichaji usiku. Zichaji kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa kali, na umeme ule unatoka kwenye paneli moja kwa moja. Usiku zitabaki taa, TV na king'amuzi, jumla 380. Sasa betri ile ile inatosha na ndama ananyonya. Hukuongeza hata shilingi. Umebadilisha saa tu.

Kazi inayoweza kufanyika mchana, ifanyike mchana. Mashine ya kunyolea, simu, bomba la betri la kupulizia pamba, vyote vishibe jua likiwepo. Nguvu iliyopita kwenye betri imepungua njiani, na kila safari ya kujaa na kushuka inaipunguzia betri siku zake.

Pasi, birika na jiko viache

Hapa nitasema wazi hata kama utanichukia. Kifaa chochote cha kutoa joto si cha betri yako. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa inakula wati-saa 500. Inveta nayo inachukua chake, kwa hiyo zile 600 zako zimekaribia kwisha kwa shati na sketi za shule. Tena pasi hiyo inavuta ampea 90 hivi kwenye betri ya volti 12, na betri ikivutwa kwa nguvu namna hiyo hutoa pungufu ya ilichoandikiwa. Pasi ya mkaa si aibu.

Na inveta yenyewe usiione imetulia ukadhani imelala. Nyingi hula wati 10 hivi hata kama hakuna kilichochomekwa. Wati 10 kwa saa 24 ni wati-saa 240, zaidi ya TV yako ya usiku mzima. Ukimaliza kutumia, izime. Bora zaidi, nunua taa, chaja na hata TV za volti 12 zinazofanya kazi bila inveta kabisa.

Friji: hapa ndipo biashara inaponea au inapofia

Najua mnachotaka kuuliza. Soda ya baridi inauzika, ya moto inabaki kwenye kreti. Ni kweli. Lakini friji za kawaida za nyumbani, za umeme wa TANESCO, zinapoanza kuwaka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa. Ndiyo maana inveta ndogo inalia na kuzima wakati namba za karatasi zinaonyesha inatosha.

Friji ndogo ya volti 12 ya wati 45, ikiwaka nusu ya muda, inakula wati-saa 540 kwa siku. Joto likizidi, au mteja akija kila dakika kufungua mlango achague soda, inapanda. Jumlisha na 680 za mwanzo, unafika 1,220. Paneli ya wati 100, baada ya kutoa vumbi, joto na upotevu, ihesabie wati-saa 350 kwa siku nzuri. Kwa hiyo unahitaji paneli za wati 400 hivi. Kwa upande wa betri, weka mbili za ampea-saa 100, kwa sababu kuna siku za mawingu na jua halitakuomba radhi.

Kuna njia ya kusaidia. Mchana iache friji ipoe sana, na weka ndani chupa za maji zigande. Usiku chupa zile ndizo zitakazotunza ubaridi. Barafu ni betri isiyokufa.

Kwa wenye maduka ya dawa za mifugo, naomba mnisikilize zaidi. Soda ikipata moto, mteja anakasirika tu. Chanjo ikipata moto, kwa macho inaonekana vile vile. Nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ipo chanjo ya kideri inayostahimili joto kuliko nyingine, lakini nayo haikutengenezwa ikae wiki nzima kwenye friji iliyozimika. Mama aliyekuamini anachanja kuku wake wote, kideri kinakuja, banda linabaki manyoya. Kama huna uhakika friji yako inafika asubuhi ikiwa hai, usiuze chanjo. Weka kipimajoto ndani na ukisome kila ukifungua duka.

Kwa mnaozunguka minadani na gari

Ukisimama Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti, kuna siku utaona magari ya watalii ambayo ni nyumba kabisa: kitanda, taa, friji ndani. Wanalala porini siku kadhaa bila nguzo ya umeme. Wengi wanadhani ni utajiri tu. Siri yao kubwa ni kwamba betri ya injini ni yake, na betri ya friji na taa ni nyingine. Ya nyumba ikiisha, gari bado linawaka asubuhi.

Wewe unayeuza soda na maji kwenye mnada kwa gari, au unayelala shambani kusubiri kupakia pamba, fanya hivyo hivyo. Usichomeke friji na spika kwenye betri ya injini. Nimewahi kusaidia kusukuma gari la mfanyabiashara saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ya muziki wa jana, na wenzake walikuwa wameshafika mnada mwingine na kupata nafasi nzuri.

Mambo madogo yanayoua kimya kimya

1. Waya mwembamba. Kwenye volti 12, waya wa milimita 1.5 wa urefu wa mita 10, ukivutwa ampea 5, unapoteza zaidi ya volti moja njiani. Friji inaona betri imekwisha kumbe haijaisha. Weka betri karibu na friji na tumia waya mnene.

2. Kukosa fyuzi. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Waya ukigusana bila fyuzi unakuwa moto mwekundu.

3. Betri na pamba chumba kimoja. Betri ya maji ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Cheche moja karibu na marobota ya pamba, msimu wako umekwisha kabla ya mzani. Iweke penye hewa, mbali na kitanda pia.

4. Kuongeza asidi. Betri ya maji inaongezwa maji ya betri yaliyokenekwa, si asidi, na si maji ya kisima.

5. Vumbi. Kiangazi futa paneli asubuhi ikiwa bado ya baridi, kwa kitambaa laini na maji.

6. Kutopima. Nunua mita ya kupimia volti. Betri ikiwa imepumzika, 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu. Ukiona inakaribia 12.2, zima TV hata kama mpira umefika dakika ya 80.

Na betri za lithiamu?

Naulizwa sana. Ni ghali, sikatai. Lakini nyingi za aina ya chuma na fosfeti unaweza kuzitumia hadi asilimia 80 bila kuziumiza, na huhimili kujazwa na kutumika mara 2,000 na zaidi. Kwa mwenye friji ya biashara, mimi nasema akusanye fedha anunue hiyo, na ahakikishe kontrola yake ya chaji inaikubali. Kwa mwenye taa tatu na simu, hana haja nayo. Usipime bei ya leo peke yake. Gawa bei kwa miaka itakayokaa. Mara nyingi rahisi inageuka ghali.

Umeme wa REA umefika vijiji vingi vya mkoa wetu, lakini vitongoji vingi bado vinasubiri. Wakati tukisubiri, jua la Simiyu linatuwakia bure, linakausha pamba yetu na linatuchoma mgongoni. Si haki fedha ya pamba ikafie kwenye kiti cha betri nje ya mlango.

Kwa hiyo leo jioni, kabla hujaahidi mtu dukani, chukua daftari la mwanao lililobaki kurasa. Andika kifaa, wati, saa, kisha zidisha. Ukienda mjini nenda na karatasi hiyo mkononi, na muuzaji akikwambia "hii inabeba kila kitu," mwonyeshe namba zako akujibu kwa namba. Akishindwa, duka la pili haliko mbali.

Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Ukikwama kwenye hesabu, nipate ofisi ya kata siku za kazi, njoo na hiyo karatasi. Tukutane makala ijayo.